Neno Lililochukuliwa na Mbuzi

Nimefundisha Kifaransa katika sekondari za Morogoro kwa miaka mingi, na miaka yote hiyo hakuna mtu wa familia yangu aliyewahi kukihitaji. Walinitania kwamba nimesomea lugha ya kuongea na ukuta. Ndiyo maana kaka yetu mkubwa alipokuja kwangu Kihonda na karatasi mkononi, akasema, "Mwalimu, leo utatufaa," nilivimba kichwa.

Barua ilimhusu mjukuu wa dada yetu. Dada anaishi juu, kwenye mteremko wa Uluguru, analima mboga na ana mbuzi watatu. Binti yake aliolewa na kijana wa Benin aliyekuja kusomea kilimo hapa mjini. Binti akafariki mtoto akiwa bado ananyonya, baba akamaliza masomo akarudi kwao, mtoto akabaki kwa bibi yake. Sasa ana miaka saba. Mwaka huu baba aliandika kwamba wazazi wake wanauliza tuna mpango gani na mjukuu wao.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli ni mjomba. Kaka, mjomba wa marehemu, aliitisha kikao ambacho mimi sikuhudhuria kwa sababu nilikuwa nasimamia mitihani. Baada ya kikao akaandika jibu kwa Kiingereza, maana alikuwa karani na haamini kwamba barua rasmi inaandikika kwa Kiswahili. Mkwe anaelewa Kiingereza, lakini wazee wake wanasoma Kifaransa tu.

"Kazi ndogo hiyo," nikamwambia. Mdomo huu utaniponza.

Barua ilikuwa nusu ukurasa, na kaka alikuwa amependa neno moja la Kiingereza kuliko yote: keep. Dada anafuga mbuzi, keep. Tumekaa kimya muda mrefu, keep. Mkwe ametimiza ahadi zake, keep. Mtoto kila saa anamuulizia baba yake, keep tena. Na mwisho, kabla ya kuwatakia afya njema kwa keep nyingine, kulikuwa na sentensi ambayo barua nzima iliandikwa kwa ajili yake: We will keep the child. Mtoto tunabaki naye.

Nilianza kwa madaha. Mbuzi nikawapa élever. Ukimya nikaupatia neno lake, ahadi nikaipatia lake. Nikafika kwa mtoto nikakwama. Neno la kulea lilikuwa lilelile, élever, ambalo nilikuwa nimeshawapa mbuzi mistari minne juu. Wafaransa hawaoni tabu, wanalitumia kwa mbuzi na kwa mtoto. Mimi nikaona aibu. Sisi mbuzi tunafuga, mtoto tunalea, na anayechanganya hayo mawili anatukana. Nikawaza wazee wa Benin wakisoma kwamba mjukuu wao yuko zizini na wenzake watatu. Nikaandika garder, neno la kutunza, la kubaki na kitu. Kamusi ilikubali. Kaka akapiga picha ukurasa wangu, akautuma kwa simu.

Jibu lilikuja kwa Kifaransa, kwenye simu yake na yangu. Walitushukuru sana kwa kumtunza mtoto kipindi chote hiki, wakasema watakuja mwezi wa nane, venir la chercher. Nikamtafsiria kaka neno kwa neno kwamba wanakuja kumtafuta.

"Kumtafuta?" kaka akasema. "Kwani amepotea?"

Nikarudia kusoma venir la chercher. Ndivyo wanavyosema wanapokuja kumchukua mtu. Na garder ndilo neno wanalomwambia jirani anayekushikia mtoto ukienda sokoni. Tulikuwa tumewaambia kwamba tunawashikia mtoto wao mpaka wafike, nao kwa adabu zao wakashukuru.

Kaka aliniuliza nimeandika nini. Nikamwambia nimeandika alichoandika. Akasema yeye aliandika Kiingereza safi. Tukabishana nusu saa kuhusu neno ambalo kila mmoja wetu alikuwa na haki nalo, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kutojielewa. Mwisho nikasema nitapanda mwenyewe kwa dada, anieleze anachotaka, niandike upya.

Kesho yake nikapanda bodaboda mpaka barabara inapoishia, nikamalizia kwa miguu. Dada alikuwa ameketi mlangoni anachambua mchicha. Mjukuu alikuwa kando yake, akaniamkia, akauchukua mkono wangu akauweka kichwani mwake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Mbona unahema hivyo?"

Nikamtuma mtoto maji, nikamweleza dada yote: keep, mbuzi, garder, mwezi wa nane. Alisikiliza bila kuacha mchicha.

"Mimi kwenye kikao nilisema akae kwanza," akasema.

"Akae kwanza, au abaki?"

"Akae kwanza. Hayo ya kubaki ni ya kaka yako."

Kumbe nilichokosea mimi ndicho alichosema yeye. Sikujua kama nifurahi au nimwombe radhi, na sikujua niombe radhi kwa nani.

"Kwa hiyo waje wamchukue?"

"Nimesema hivyo?"

"Basi hutaki aende."

"Ana baba yake," akasema. "Na mimi magoti haya unayaona."

"Dada, niandike nini?"

Mchicha ulikuwa umeisha, sasa anachambua mashina. "Andika waje."

"Waje kumwona au waje kumchukua?"

"Wewe si ndiye mwalimu? Andika waje."

Nikaandika Venez. Nilitafuta cha kuongeza, sikupata, nikalituma hivyo hivyo kwa simu. Dada akauliza nimeandika nini, nikamwambia nimeandika njooni.

"Basi?"

"Basi."

Mtoto akarudi na kikombe cha maji, amekishika kwa mikono miwili asimwage. Dada alimtazama mpaka akanifikia, kisha akaniinamia, akauliza kwa sauti ya chini kama hilo neno linaweza kurudishwa.

Nikaangalia simu. Walikuwa wameshalisoma.