Mstari Mmoja wa Mke

Nikisikia mtu anasifia bima ya afya, naenda zangu. Nina hasira nayo na sioni haya kusema.

Mimi nilikuwa mke wa pili. Mume wetu anaendesha mashine katika eneo la viwanda hapa Mbale. Mimi nakaa mtaa wa Namatala, nauza vitenge barazani. Bi mkubwa yuko Jinja na watoto wake. Mageuzi ya bima yalipofika kiwandani, kila mfanyakazi alipewa fomu, na kwenye fomu kulikuwa na mstari mmoja wa mke. Mmoja! Mume wetu akaandika jina langu, si kwa mapenzi, ila kitambulisho changu ndicho kilichokuwa karibu, na fomu zilitakiwa siku ile ile. Tulicheka. Bi mkubwa mwenyewe alinitania kwa simu kwamba sasa nina ruhusa ya kuugua.

Mwaka haukuisha, yeye ndiye akaugua. Uvimbe kwenye titi. Madaktari walisema apasuliwe upesi, kisha atundikiwe dripu za dawa mara sita. Bila bima hatukuweza hata ile ya kwanza.

Sijifanyi malaika, wivu ninao, nani asiye nao? Lakini huyu ndiye aliyenikanda nilipojifungua. Nikaenda Jinja, nikampa kadi yangu. Nikamwambia avae nikabu, aitikie jina langu, nani atajua? Akanirudishia mkononi.

"Nikifia mezani, mdogo wangu, watamzika nani?"

Niliona aibu. Halafu aibu ikageuka hasira, maana ile fomu hatukuitunga mimi wala yeye.

Nikaenda kiwandani na mume wetu. Afisa wa bima alikuwa askari magereza zamani, mtu wa kaskazini, na wote bado wanamwita Afande. Nikamweleza kwamba ndoa zetu zote mbili ni halali, na mshahara unaokatwa bima ndio ule ule unaolisha nyumba mbili. Mbona kwenye kukatwa tupo wote, kwenye kutibiwa yupo mmoja? Alinisikiliza kwa upole, wallahi, na upole wake ndio ulionichoma zaidi.

"Mama, fomu iko na nafasi ya bibi moja," akasema. "Kubadilisha ni kama huyu amekufa, ama ameachwa. Leteni barua."

Njiani nilimgeukia mume wetu. Mimi ndiye niliyesema: niandikie talaka moja. Talaka moja ina mlango; ndani ya eda, ule muda wa kungoja, mume anaweza kumrejea mkewe kwa neno tu. Shehe alituonya kwamba talaka haina utani, hata ya kupeleka ofisini inahesabika, na eda ikipita ni ndoa mpya na mahari mapya. Tukaandika. Afande akaandika jina la bi mkubwa mahali pa langu, akagonga muhuri na kutoa onyo lake: nikirejewa kabla matibabu hayajaisha, huo ni udanganyifu, kadi inafutwa na kazi inaondoka.

Bi mkubwa akapasuliwa. Hatukumwambia, maana angekataa. Alidhani kiwanda kimekubali majina mawili, akawa anakiombea dua. Astaghfirullah, nilitamani kupiga kelele.

Kumbe dripu zinafuatana wiki tatu tatu, na eda ni hedhi tatu. Eda ingekwisha kabla ya dripu. Wakubwa walipokuwa wakichora mstari wao hawakuwaza hilo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Siku za mwisho za eda mume wetu alikuja, akasimama mlangoni bila kuvua viatu. Alisema yuko tayari kulitamka lile neno, kazi na ipotee. Nikamwuliza dripu zimebaki ngapi. Akasema tatu.

"Basi usinirejee," nikamwambia.

Aliondoka. Siku ya tatu yake nilioga baada ya hedhi ya tatu, eda ikaisha, na mwanamume niliyezaa naye akawa kwangu mtu wa kando. Jioni ile bi mkubwa alinipigia simu. Sauti ilikuwa imeanza kupata nguvu, alikuwa amekula na hakutapika. Akaniuliza kama mume wetu yuko kwangu.

"Hapana, dada," nikasema. "Mume wako hayuko hapa."