Chura Asiyelia

Mwisho wa mwaka 2002, vita vilipofika kijijini kwao ng'ambo ya Mangina, mashariki mwa Kongo, Emérence alikuwa mwalimu wa darasa la tatu. Alikimbilia porini pamoja na familia sita, hakubeba kitu ila kitenge alichovaa. Askari walikuwa wakipita karibu. Mtoto mmoja akilia, wote wamekwisha.

"Madame, nyamazisha batoto," Manassé, mzee aliyewaongoza, akamwambia. "Kila siku banalia. Batatusikia."

Emérence akazunguka kutafuta la kuwashughulisha. Kwenye mti mnene, usawa wa kifua, akakuta tundu limejaa maji ya mvua. Ndani yake chura wa rangi ya gome, ngozi vipele vitupu, alikuwa amezama, pua tu iko nje. Mayai yalikuwa yamenata kwenye ukuta wa tundu, juu ya maji, na chini viluwiluwi vilizunguka. Emérence alikaa pale mpaka jioni, asimsikie chura yule kulia hata mara moja.

Kesho yake akafungua masomo. Watoto kumi na mmoja walipanda gogo kwa zamu, wakachungulia, wakamnong'oneza walichoona, wakachora kwa makaa juu ya maganda ya miti. Aliyepaza sauti alipoteza zamu. Vagheni peke yake hakunong'ona. Tangu mama yake apigwe risasi njiani, msichana huyo hakuwa ametamka neno. Ila zamu yake hakuikosa.

Wiki ya nne askari wakapiga kambi kwenye kijito walikochota maji. Maji yakaisha. Manassé akaja na sufuria kuchota yale ya tunduni.

"Papa, hapana!"

Wote wakageuka. Alikuwa Vagheni, akionyesha viluwiluwi.

"Kamoja kalisha ota miguu. Ngojea kwanza."

Emérence akajiziba mdomo, machozi yakimtoka. Manassé alibaki na sufuria hewani, midomo imempasuka kwa kiu.

"Kumbe, anasema!" akasema polepole.

Akachukua panga, akaenda kukata kamba za porini zenye maji ndani. Wakakinga tone kwa tone, kila mtu mafunda mawili, siku mbili nzima, mpaka askari wakaondoka.

Januari waliingia mji wa Beni, hakupungua hata mtoto mmoja. Shule moja ikawapa chumba cha mbao kisicho na mlango. Directeur, mkuu wa shule, akapekua yale maganda, akastaajabu.

"Nilizania hawa balipoteza mwaka, Madame."

"Sayansi, hapana," Emérence akajibu. "Lakini hesabu, Directeur, tuko nyuma sana."

Jumatatu wakaanza na kugawanya.