Kitasa Kilichomfungia Fundi Wake

Usiku kucha mama alisubiri habari njema kutoka chumbani; kulipopambazuka akaja dirishani na kikombe cha chai. Binti yake, fundi wa vitasa vya umeme, alikuwa amefungiwa ndani na kitasa alichokiunda mwenyewe, na mteja alikuwa njiani kuja kukiona. Penseli mdomoni, vidole vikitwanga meza, aliibembeleza kompyuta: “Haya, bibie, twende.” Kosa lilikuwa mahali fulani katika amri za kitasa, na programu ya kuandikia amri iliyokuja na chipu yake ilikuwa imemchosha macho. Sasa alijaribu zilizotengenezwa na watu wengine, moja baada ya nyingine, kama mtu ajaribuye viatu dukani.

“Chagua yoyote, mwanangu. Mlango haujali uzuri.”

“Macho yangu ndiyo yanayojali, mama.”

Iliyofuata ilimfungulia kurasa mbili za amri zake ubavu kwa ubavu. Mabega yakaanza kucheza. Amri ya kufunga na amri ya kufungua zilifanana kama mapacha: zote zilizungusha mota upande wa kufunga. Alicheka mpaka penseli ikamdondoka. Akarekebisha, akabonyeza, na mlango ukafunguka kwa madaha. Mama akatoka dirishani, akaja mlangoni na kikombe chake.

“Sogea, mama, niufunge tena nione.”

Mama akatia mguu kizingitini, akanywa ile chai mwenyewe. “Funga tu. Mguu wangu hautoki hapa.”