Nduta Alivyotajwa Kila Asubuhi

Asubuhi ya mwisho tuliyokaa kama siku zote, mke wangu Kavinya alikuwa kwenye stuli karibu na jiko, macho kayafumba, midomo ikicheza. Mimi nangoja chai. Ukiishi na mwanamke anayewatakia mema watu wote kabla ya kuchemsha maji, unajifunza kungoja.

Nikamuuliza, "Mama Mbithe, leo umeniweka wapi? Kwa unaowapenda ama kwa wanaokusumbua?"

Hakufumbua macho. "Inategemea kama umeoga."

Nikaoga. Kesho yake moyo ulimsimama akianika nguo. Hayo siyaongezi. Nataka kusema habari ya huko kukaa kwake.

Kavinya alikuwa mpishi wa mama mmoja wa Sri Lanka kule Parklands. Yule mama ni Mbudha. Kila asubuhi alikaa chini ametulia, na Kavinya akidhani amelala, akawa anaweka sufuria polepole asimwamshe. Siku moja akamuuliza. Yule mama akasema hajalala, anaufundisha moyo. Kwanza unajitakia mema wewe mwenyewe. Halafu unayempenda. Halafu mtu usiye na neno naye, kama anayeleta maziwa. Mwisho yule ambaye ukimwona tu unageuza njia. Ukimaliza unanyamaza, unaitazama hasira inavyokuja na kuondoka yenyewe, kama mgeni asiyepewa kiti.

Kavinya alipoanza kukaa hivyo nyumbani, nikamwambia, "Sisi ni watu wa kanisa."

Akasema kanisani ataenda, tena ataenda vizuri zaidi. Kweli alienda. Hata sima aliacha kuunguza, kwa hiyo sikubishana naye sana.

Sasa Nduta. Huyu ni jirani wa ukuta mmoja. Kuta za mtaa wetu wa Mbotela ni nyembamba, mtu akikoroga uji unajua kama umetiwa sukari. Nduta alikuwa akimwaga maji machafu mlangoni petu, halafu anatuuliza kwa nini kwetu hakukauki. Kavinya alipotafuta yule mtu wa mwisho, hakuhitaji kwenda mbali.

Kosa lake ni moja. Alisema kwa Kikamba. Nduta ni mtu wa Murang'a. Akilala upande ule, alfajiri anasikia Mkamba akinong'ona, na katikati ya maneno asiyoyajua, jina lake mwenyewe. Na mnajua tunavyosemwa sisi Wakamba kwa uchawi. Kuku akifa ghafla kwenye ploti, wa kwanza kuangaliwa mikono ni sisi.

Basi mgongo wa Nduta ukaanza kuuma, naye akajua umerogwa na nani. Akapeleka habari kwa Gitonga, mzee wa kanisa. Gitonga akatuma neno: Kavinya ajieleze, ama atoke kwenye kikundi cha akina mama.

Hapo niliogopa. Kikundi kile ndicho kinachouguza watu hapa, ndicho kinachopika msibani. Ukitolewa, unazikwa na watu wanaoangalia saa. Na Kavinya alikipenda kuliko alivyopenda kulala.

"Sema umeacha," nikamwambia. "Utakuwa ukikaa kwa siri."

"Kumtakia mtu mema ni kitu cha kufichwa?"

Kazi yangu ni kuchonga wanyama; nilikuwa napiga msasa kiboko wa mti. Nikaendelea kupiga msasa.

Gitonga alikuja Jumamosi, Nduta nyuma yake ameshika kiuno. Nduta akakataa chai. Ninavyomjua Nduta na chai, nikaona mambo yameharibika.

"Mama Mbithe," Gitonga akasema, "hayo maneno yako ya asubuhi, yaseme hapa. Kwa Kiswahili."

Kavinya akafumba macho palepale, kama hatupo.

"Nduta awe salama. Nduta awe na amani. Mgongo wake upoe. Mwanawe Irungu apate kazi."

Nduta ndiye aliyeanza.

"Mgongo wangu umeujuaje?"

"Si unalalamika usiku kucha? Ukuta unasikia pande zote mbili."

Gitonga akakohoa kirefu. Nadhani alikuwa anameza kicheko. Akasema kwa hayo hawezi kumtoa mtu kikundini, na kama huo ndio uchawi, basi yeye pia ana goti linalomsumbua. Nduta akakivuta kile kikombe alichokikataa, akanywa nusu. Lakini alikuwa hajamaliza.

"Mama Mbithe, Mbotela imejaa watu. Kwa nini mimi?"

Kavinya akamtazama kwa upole kabisa. Nayakumbuka maneno yake yote:

"Wengine ni rahisi, Nduta. Nikikuombea wewe na meno yasisagane, hapo najua moyo umefanya kazi."