Jina Chini ya Ukurasa

Binti yangu alizaa msichana mmoja, kifungua mimba, kisha wavulana watupu. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na wa pili ndiye hupata la mama wa mama. Wa pili hakuja. Kwa hiyo mjukuu niliyemlea mimi hapa Ngara anaitwa jina la nyanya yake mwingine, yule mama wa Kitisuru mwenye ua wa maua na kengele langoni. Miaka yote hiyo, kila nikimwita mtoto aje ale, mdomo wangu ulikuwa unamtaja yeye.

Mjukuu alipokua alipata kazi ya kutengeneza tovuti katika ofisi moja katikati ya jiji. Siku hizo kila kanisa lilitaka tovuti, na la kwetu likamwomba awaandikie akina mama historia ya kikundi chao. Jumamosi moja akatoka kazini akatembea mpaka kwangu na kompyuta ya kubeba, akaniambia, "Cucu," maana ndivyo kwetu nyanya anavyoitwa, "nipe majina."

Mimi shule niliiacha ningali mdogo, lakini jina la mtu halijawahi kunipotea. Nikampa akina mama wote walioanzisha kikundi, kila mmoja na alikoolewa, na aliyetoa sufuria ya kwanza, na yule aliyekuwa akianza wimbo juu sana mpaka tunashindwa kumfuata. Hapa siwataji, maana wengine wameacha wajukuu wakali.

Nilidhani ukurasa anauchora kwa mkono. Akanionyesha kwamba kuna mfumo: yeye anaweka maneno kwenye kisanduku, anauambia hiki ni kichwa, hii ni aya, hii ni orodha, nao mfumo unayapanga. Akimaliza, anaupeleka ukurasa kwa tovuti nyingine iliyo kama mkaguzi wa shule. Ukifuata kanuni unapata kijani, ukikosea unapata nyekundu. Wetu ulipata kijani, akapiga makofi peke yake.

Jumapili ukurasa ukachapishwa, karatasi zikagawiwa kanisani. Chini kabisa mfumo ulikuwa umeweka wenyewe jina la aliyeandika, yaani mjukuu. Lakini akina mama waliposoma jina lile na la ukoo, walimjua mtu mmoja tu: mama wa Kitisuru, ambaye huja kusali kwetu kwa gari. Baada ya ibada wakamzunguka wakimsifu kwa kukumbuka mengi hivyo. Nilisimama mlangoni na mkoba wangu, nikingoja aseme si yeye.

Akatabasamu. "Asanteni," akasema. "Mungu ndiye hutupa kumbukumbu."

Mtu ambaye husahau hata jina la mchungaji!

Mjukuu alipokuja tena nilimweleza ninachotaka: jina langu, juu kabisa, kubwa, jekundu, na litembee toka upande huu mpaka huu, kama nilivyoona maneno yakitembea kwenye saiba, lile duka la intaneti lililo chini ya nyumba yetu.

"Cucu, hiyo ya kutembea haiko kwa kanuni. Ukurasa utapata nyekundu."

"Nyekundu ndiyo ninayotaka."

Akacheka mpaka akajifuta macho. Mimi sikucheka. Akanieleza pole pole kwamba kichwa cha habari si ukubwa wa maandishi tu. Kuna mama wetu mmoja aliyepoteza macho, kompyuta humsomea kwa sauti, na ikikuta kichwa humtangazia kwamba hapo ndipo habari inapoanzia. Nikiweka jina langu pale, itamtangazia mimi ndiye habari. Nikamwambia na itangaze.

Kisha nikamwambia lililokuwa moyoni: "Jina lake umelibeba wewe tangu uzaliwe. Sasa amechukua na yale niliyoyatunza mimi."

Akavuta kompyuta, akanifungulia nafasi ndani ya mfumo, mimi kama mwandishi, akaandika jina langu lote na la baba yangu. Kisha akabadilisha mwenye ukurasa. Likatokea chini, jina dogo, sawa na la mtu mwingine yeyote. Akampelekea mkaguzi. Kijani.

"Limezaliwa, cucu," akasema.

Nikamwambia alisome tena.

Jumapili mama wa Kitisuru akanijia mwenyewe, akanishika mkono kwa heshima. "Nimeona jina lako," akasema. "Ni dogo, lakini linasomeka." Kabla wiki haijaisha alikuwa amemwita mjukuu kwake, akampa chai na keki, naye akafunguliwa nafasi yake. Akasimulia harusi yake, ya kwanza kufungwa katika kanisa letu. Na ule mfumo, kumbe, huweka habari mpya juu ya ya zamani. Mjukuu aliponionyesha, harusi ilikuwa imekalia akina mama wangu wote.

Nikamuuliza yetu itarudi juu vipi.

"Mpaka usimulie nyingine."

"Washa hiyo kompyuta."

Akasema amechoka, ametoka kazini. Nikamwambia chai iko motoni. Nikavuta kiti karibu, nikaanza na ile harusi, maana na mimi nilikuwepo. Nikataja waliohudhuria mmoja mmoja, bibi harusi mwenyewe akiwa wa mwisho.