Dari ya Matunda Nyumbani kwa Badria

Kwa Wasamaria wa mlima Gerizimu hakuna anayejenga kibanda chake nje kwenye Sikukuu ya Vibanda. Babu zao walirushiwa mawe wakiwa vibandani, wakaamua kukiingiza kibanda sebuleni na kukining'iniza darini kama paa la matunda, na huko kimebaki. Nyumba ambayo wageni wa sikukuu walipenda kuanzia ilikuwa ya Badria, kwa ajili ya mumewe Radwani. Miaka yote ya ndoa yao Badria alipangusa matunda na kuyapitisha juu, na Radwani, akiwa ngazini, aliyafunga kwenye wavu wa chuma mpaka dari ikawa bustani ya Mungu kabla Adamu hajaivuruga. Baada ya wiki yote yalikamuliwa juisi, bila mtu kusikitika.

Radwani alifariki majira ya baridi. Badria akaapa kwamba dari ya mwaka huu itakuwa ileile, hata kama ni kuifunga kwa meno. Hofu yake ilikuwa moja: watu waingie, watazame juu, waseme maskini, Radwani kaondoka na bustani yake.

Na wasaidizi wenyewe sasa! Mwanawe Yefet hata picha ya ukutani huitundika upande. Mkewe Yefet, Halina, aliyeolewa kutoka Ukraina, alikuwa amejifungua binti wiki chache tu nyuma. Siku zake za uzazi zilikuwa hazijaisha, kwa hiyo, kama sheria yao inavyotaka, alikaa na mtoto kwenye godoro lake pembeni, na sahani yake na kikombe chake, asiguse kitu cha wengine. Badria alimtendea kwa adabu tangu aje, ile adabu unayompa mgeni usiyejua ataondoka lini.

Alasiri ya kuamkia sikukuu kazi ilikwisha. Badria akashuka ngazi, akatazama juu, akavunjika moyo. Matunda yaleyale, wavu uleule, lakini dari imenuna.

"Imependeza, Mama," alisema Yefet, huku akitafuta viatu vyake.

"Nyamaza! Imependeza kama genge la sokoni."

Sauti ikatoka godoroni. "Mama, samahani. Makomamanga yametupa mgongo."

"Yametupa nini?"

"Waya umefungwa kwenye taji, lile lenye ncha. Mataji yako juu, sisi huku tunaona makalio tu."

Yefet akaangua kicheko. Badria akawaka. "Wewe utanifundisha komamanga? Kwenu yanaota kwenye theluji?"

Halina akawa mwekundu, lakini hakunyamaza. "Mwaka jana Baba alinilaza hapa chini, Mama. Akasema, mkamwana, huku ngazini sioni kitu, nitazamie wewe. Alikuwa anafunga kwenye kikonyo. Kila tunda lililogeuka, mimi nilimwambia."

Badria alikumbuka. Alikuwa jikoni siku ile, akipangusa matunda na akiwasikia wawili hao wakicheka, na alikasirika. Sasa akavua viatu, akajilaza sakafuni, mbali kidogo na godoro, magoti yakilalamika. Akatazama juu. Kweli, kila komamanga limempa mgongo.

Machozi yakamtoka, na hakuyafuta. Radwani alikuwa amemwachia macho yake mtu wa nyumba hii, naye Badria muda wote alikuwa akimpita kama kiti. "Ee Mungu wangu, asante," alisema kwa sauti. Kisha: "Yefet! Lete ngazi!"

"Mama, jua linakaribia kuzama, sikukuu inaingia!"

"Basi funga mdomo, ufungue waya."

Wakafungua, wakafunga upya, Halina akiamuru toka godoroni: "La kushoto, Mama. Bado. Bado... hapo!" Taji la mwisho lilitazama chini jua likigusa mlima.

Kesho yake jirani yao Nahla, mwenye ulimi usiolala, aliingia na kusimama mdomo wazi. "Mama Yefet, nilikuja kukupa pole, sasa nakuonea kijicho! Mkono wa nani huu?"

"Wa binti yangu huyo hapo."

"Yupi? Huyu aliye kwenye uzazi? Usiniambie ameshika matunda!"

"Hajagusa hata ndimu," alisema Badria. "Mikono ilikuwa yangu. Nilikuwa sijui kutazama, binti yangu akanionyesha."

Halina alikuwa hajawahi kuitwa hivyo katika nyumba ile. Akamwinamia mtoto, akajifanya anamfunga nepi.