Sanda ya Nyanya

Nyumba yetu ya Bondeni ilikuwa na vyumba vitano na watu kumi na saba, na wa kumi na nane alikuwa tumboni mwangu. Ilikuwa miaka ya vita. Mchele ulikuwa wa kupimiwa, na bafta, ile nguo nyeupe ya pamba, haikuonekana madukani. Mume wangu, karani wa bandarini, alizunguka njia nzima ya maduka ya leso akitafuta kitambaa cha winda za mtoto, akarudi na pole za wenye maduka.

Aliyenilea ni nyanya yangu mzaa baba, kwani mamangu alifariki nami ningali nanyonya. Nyanya alikuwa amekwisha kuwazika wa rika lake wote, na bado kila kukicha yeye ndiye wa kwanza kuamka. Ami yangu, mwanawe, ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Hakuwa mtu mbaya, ila ulimi wake haukuwa na mfupa. Siku moja, baada ya chakula cha mchana, alisema, "Zamani nyumba ilikuwa na mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Siku hizi kuna sindano na dawa. Watu waingia tu, hapana atokaye. Tutalala juu ya dari?"

Tukacheka. Nyanya naye alicheka. Kesho yake asubuhi nilimkuta anafunga vitu vyake. Alitaka kwenda Likoni kwa jamaa, ili kitanda chake nipewe mimi na mtoto.

"Mie n'meishi hata n'mepitiliza, mwanangu," aliniambia. "Mgeni akikawia, hujiondokea mwenyewe."

Nilikasirika hata nikasahau adabu. Nilimuuliza ni nani atakayenikanda arubaini nzima ya uzazi, na ni nani atakayemwosha mtoto wangu kama yeye alivyoniosha mimi. Kisha nikalia, kwa sababu niliogopa kuzaa bila yeye, na nilikuwa sijamwambia mtu.

Nyanya alifungua sanduku lake, akatoa sanda. Wazee wengi walijiwekea sanda mapema, wasije wakawasumbua watoto wao siku ya msiba, na yake ilikuwa bafta safi, yanukia kafuri. Akaniagiza mkasi.

Ami aliingia akamkuta anakata winda.

"Mama, hiyo si sanda yako?"

"Ndiyo," akamjibu, wala hakuinua macho. "Sasa hata nikitaka kutoka, sina nguo."

Ami akageuka, akaenda zake. Jioni alirudi na kitanda cha kamba, akakibana kando ya kile cha nyanya.

Basi binti yangu alivaa sanda tangu siku ya kwanza. Majirani walinong'ona kuwa ni mkosi. Mimi nilimshukuru Mungu, na namshukuru hata leo, maana arubaini yangu yote mikono ile ndiyo iliyonikanda. Mtoto alinukia kafuri mpaka alipoanza kutambaa.

Vita vilipokwisha, bafta ikajaa tena madukani. Asubuhi moja ami alituaga kuwa anakwenda kumnunulia mamake sanda nyingine. Adhuhuri alirudi na kifurushi, akamkuta nyanya ukumbini anamsuka binti yangu nywele. Nyanya akakifungua. Ndani mlikuwa na doti ya leso.

"Kwani bafta hukuipata?" aliuliza.

"Iko tele, mama," ami alisema. "Nikaona, haraka ya nini?"